Mzazi na Mtoto Wasiposemeshana



Mtu akivunjika mguu kijijini tunajua la kufanya. Tunaufunga kwa vijiti, tunampakia kwenye baiskeli au pikipiki, tunampeleka zahanati. Mtoto akishikwa na homa tunajua pia. Lakini baba na binti yake wakikaa mwaka mzima katika nyumba moja bila kusemeshana, tumpeleke nani, na tumpeleke wapi? Mguu uliovunjika una mwenyewe. Uhusiano uliovunjika hauna mwenyewe mmoja. Baba atasema mgonjwa ni mtoto. Mtoto akiulizwa atasema mgonjwa ni baba. Naye mama yumo katikati, anapeleka maneno ya huku na kuleta ya kule kama tarishi.

Katika somo hili tutaeleza juu ya tiba isiyotumia vidonge wala sindano. Inaitwa tiba ya mazungumzo. Watu wa nyumba moja wanapoifanya pamoja, huitwa tiba ya familia. Wengine huiita unasihi au ushauri nasaha, na anayeifanya huitwa mnasihi. Maneno "ushauri nasaha" wengi wetu tuliyasikia kwanza wakati wa kupima virusi vya UKIMWI. Kwa hiyo wako wanaodhani kwamba ni kazi ya ugonjwa huo tu. Sivyo.

Gurudumu la ugomvi

Tuchukue mfano. Mfano huu si wa nyumba fulani. Umetungwa kutokana na mambo ambayo wazazi huyasema mara kwa mara katika madarasa yetu.

Baba ni mkulima wa pamba. Ana binti wa miaka 14. Binti huyu amezoea kuchelewa kurudi nyumbani. Akiingia uani, baba humwuliza kwa sauti kali, "Ulikuwa wapi?" Binti huinamisha kichwa na kunyamaza. Baba huona kwamba kimya kile ni kiburi, basi huongeza sauti. Mama hutoka jikoni na kusema, "Mwache mtoto, ndiyo kwanza anaingia." Baba humgeukia mama: "Wewe ndiye unayemharibu!" Sasa ugomvi umekuwa wa mume na mke. Binti huingia ndani, hulala bila kula, na maneno yote huyasikia kupitia ukutani. Kesho yake masomo yakiisha, miguu yake inakuwa mizito. Anaogopa kelele za nyumbani. Anapita kwa rafiki yake, anakaa huko mpaka giza linaanza kuingia. Amechelewa tena.

Je, nani mwenye kosa? Baba anasema, "Nakemea kwa sababu anachelewa." Binti anasema, "Nachelewa kwa sababu anakemea." Wote wawili wanasema kweli. Jambo hili ni kama gurudumu la baiskeli. Huwezi kuonyesha mahali linapoanzia.

Watu wengi wakitaka kutengeneza ugomvi wa namna hii hutafuta mkosaji. Wakimpata humwadhibu, na gurudumu huendelea kuzunguka. Mnasihi hatafuti mkosaji. Hutafuta mahali ambapo gurudumu linaweza kusimamishwa, hata kama ni mahali padogo.

Kikao kinavyokwenda

Mnasihi huwaita wote watatu wakae pamoja. Kwanza huwaeleza taratibu. Yatakayosemwa hapo hayatatoka nje, isipokuwa kama maisha ya mtu yako hatarini. Kila mtu atapata zamu ya kusema, pamoja na mtoto. Hapatatolewa hukumu.

Kisha anamwuliza binti, "Baba anapokuuliza ulikuwa wapi, wewe unasikiaje moyoni?" Binti ananyamaza kwa muda mrefu. Mnasihi anayeijua kazi yake hana haraka, anangoja. Mwishowe binti anasema, "Nikijibu naambiwa najibizana na mkubwa. Nikinyamaza naambiwa nina kiburi. Sijui nifanye lipi."

Baba anataka kuingilia. Mnasihi anamzuia kwa adabu: "Mzee, zamu yako inakuja. Lakini kwanza naomba uniambie, mwanao amesema nini?" Baba anatakiwa ayarudie maneno ya mtoto jinsi alivyoyasikia. Hatakiwi kuyajibu. Jambo hili linaonekana dogo kama mchezo wa watoto, lakini katika kazi yote ya unasihi ni gumu mno. Jaribu leo na jirani yako hapo darasani. Mwache akueleze malalamiko yake kwa dakika moja, kisha uyarudie bila kujitetea hata kidogo. Utaona jinsi ulimi unavyowasha.

Sasa ni zamu ya baba. Mnasihi anamwuliza, "Binti akichelewa, wewe unaogopa nini?" Angalia vizuri swali hili. Hakuuliza baba anakasirikia nini. Hasira ya mzazi mara nyingi imefunika woga, na woga ndio unaofaa kusemwa. Baba anaeleza kwamba alikuwa na mdogo wake wa kike aliyekuwa hodari darasani kuliko yeye. Alipata mimba akaachishwa shule. Asubuhi wenzake walipokuwa wakipita na madaftari, yeye alikuwa akijificha nyuma ya nyumba. "Jua likizama huyu hajafika," anasema baba, "namwona dada yangu."

Binti hakuwahi kusikia habari hii. Shangazi huyo anamjua kama mama wa watoto wengi anayeuza vitumbua gulioni. Miaka miwili yote ameamini kwamba baba yake hampendi. Sasa amesikia kwamba baba anaogopa. Hakuna aliyelaumiwa hapo, wala hakuna aliyesamehewa, lakini lile swali "Ulikuwa wapi?" limepata maana nyingine masikioni mwake.

Mnasihi haishii hapo. Kikao kikiisha kwa machozi tu, ugomvi utarudi jioni ileile. Kwa hiyo anawaomba wapatane juu ya mambo machache ya kufanya kwa wiki moja. Baba hatauliza uani. Atangoja mtoto ale kwanza, kisha amwulize wakiwa wameketi. Binti atamwambia mama asubuhi kama atapita mahali, na atafika kabla ya jua kuzama. Mama hataingia kati baba anapozungumza na mtoto. Akiwa na neno atamwambia mumewe baadaye, wakiwa wawili.

Baada ya wiki wanarudi. Baba anasema, "Siku tatu tulikwenda vizuri. Siku ya nne nilipiga kelele kama zamani." Mnasihi hagombi. Anauliza, "Siku ya nne kulikuwa na nini?" Kumbe siku hiyo baba alitoka kuuza pamba, akakatwa deni la mbegu na dawa, akarudi na fedha kidogo mfukoni. Kelele za siku ile hazikuwa za mtoto; zilikuwa za pamba. Basi wanatafuta pamoja neno ambalo baba anaweza kulisema siku kama hiyo: "Leo nina jambo langu, tutazungumza kesho." Ni maneno sita tu. Lakini kuna wazee waliofika miaka 60 bila kuyasema mbele ya watoto wao.

Hivyo ndivyo tiba inavyokwenda, kidogo kidogo, kwa vikao kadhaa. Familia nyingine huhitaji vinne au vitano, nyingine zaidi. Anayekuahidi kutengeneza nyumba yako kwa siku moja, mwogope.

Tofauti na baraza la wazee

Utauliza, "Je, haya si ndiyo wazee wetu wamekuwa wakiyafanya siku zote?" Ni kweli kwa sehemu kubwa. Bibi aliyempokea mjukuu aliyegombana na mama yake, akamlaza kwake siku mbili na kumsikiliza usiku, alikuwa mnasihi bila kuitwa hivyo. Shangazi na mjomba walikuwa na kazi hiyo. Mambo ya mume na mke nayo yana mabaraza yake ya usuluhishi, yaliyowekwa na Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971. Kwa kawaida mtu hapeleki shauri la talaka mahakamani kabla halijapita kwenye baraza.

Lakini iko tofauti. Baraza la ukoo husikiliza kisha huamua. Huyu atozwe, yule aombe radhi. Mnasihi haamui, nyumba yenyewe ndiyo inayopatana. Tena, katika mabaraza mengi mtoto huzungumziwa akiwa nje. Katika tiba ya familia mtoto yumo ndani na anasema. Kama mzee yeyote anaona kwamba huo ni utovu wa adabu, na ajue kwamba Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inampa mtoto haki ya kutoa maoni yake na kusikilizwa. Kwa sheria hiyo, mtoto ni mtu aliye chini ya miaka 18. Sheria hiyo ni ya Tanzania Bara. Zanzibar ina yake ya mwaka 2011.

Tiba hii ilivyoanza

Zamani hata huko Ulaya madaktari walimtibu mtoto peke yake. Mama naye, akihitaji msaada, alionwa chumba kingine. Mjini London alikuwapo daktari aliyeitwa John Bowlby. Alikuwa na kijana mmoja ambaye hakuwa akiendelea vizuri, na matibabu yalikwenda polepole mno. Basi akajaribu jambo jipya. Aliwaita baba, mama na kijana wakae pamoja naye kwa saa mbili. Kwanza walirushiana lawama kali. Daktari akawaonyesha kwamba kila mmoja alikuwa na sehemu yake katika ugomvi, na kwamba namna ya wazazi ya kumsumbua kijana ilitokana na taabu walizozipata wao wenyewe utotoni. Kikao kilipokaribia kuisha, wote watatu walikuwa wakitafuta njia pamoja. Bowlby aliandika habari hiyo mwaka 1949, na maandishi yake huhesabiwa miongoni mwa ya kwanza kabisa juu ya tiba ya familia.

Jambo la pili lilitokea karibu na kwetu. Mama mmoja mtaalamu, Mary Ainsworth, aliyekuwa amefanya kazi na Bowlby, alikuja Uganda mwaka 1954. Alizitembelea familia 26 katika vijiji vya karibu na Kampala kwa miezi mingi. Alikaa na akina mama nyumbani kwao, akaangalia jinsi wanavyoishi na watoto wao wachanga. Aliona kwamba mtoto anayemwamini mama yake hutambaa kwenda kuchunguza vitu, akageuka kumtazama mama, akarudi, kisha akaenda tena mbali zaidi. Mama ni kama kituo chake cha safari. Aliona pia kwamba mama aliyeweza kueleza mambo madogo madogo ya mwanawe, anavyolia na anavyotaka, mara nyingi mtoto wake alikuwa mtulivu. Kitabu chake juu ya watoto hao kilitoka mwaka 1967. Wataalamu wengi duniani wanaotibu uhusiano wa mzazi na mtoto hujifunza mambo yaliyoanzia katika vijiji hivyo vya Buganda. Si vibaya tukijua hivyo, maana tumezoea kudhani kwamba elimu yote husafiri upande mmoja.

Mtoto mdogo hutibiwa kwa mchezo

Mtoto wa miaka minne hawezi kukaa kikaoni na kueleza moyo wake. Kwake yeye mchezo ndio mazungumzo. Miaka ya 1970 mtaalamu wa Marekani, Sheila Eyberg, alianzisha tiba ambayo mzazi na mtoto hucheza pamoja. Mnasihi huwa nyuma ya kioo, na humnong'oneza mzazi la kufanya kupitia chombo kidogo cha sikioni. Sisi hatuna vioo hivyo vijijini, lakini kanuni zake hazihitaji kioo. Kila siku mzazi hutenga dakika tano za kucheza na mtoto. Katika dakika hizo mtoto ndiye kiongozi. Mzazi haamuru, haulizi maswali, hakosoi. Mtoto akifinyanga ng'ombe wa udongo, mzazi hufinyanga naye. Husema anachokiona: "Umemwekea pembe ndefu." Hulisifu tendo lenyewe: "Umenipa na mimi udongo, umefanya vizuri."

Wazazi wengi huchekea jambo hili, hasa akina baba. Dakika tano za kufinyanga ng'ombe zitatibu nini? Zinatibu hivi: mtoto aliyezoea kuangaliwa pale tu anapokosea hujifunza kukosea ili aangaliwe. Akipata macho ya mzazi wakati wa mema, haja ya kukosea hupungua. Baada ya hapo ndipo mzazi hufundishwa kutoa amri fupi na wazi, moja moja, na kuisimamia.

Kutoka Sinovuyo hadi Furaha

Wasomaji wengine watasema kwamba haya yote yanataka madaktari, na sisi hatunao. Hebu tuangalie yaliyofanyika Afrika Kusini, katika jimbo la Eastern Cape, ambako vijiji vingi ni maskini. Huko yaliendeshwa mafunzo ya wazazi na vijana yaliyoitwa Sinovuyo. Kwa Kixhosa neno hilo lina maana kwamba tunayo furaha. Walioyaendesha walikuwa watu wa hukohuko waliofunzwa kazi hiyo. Mzazi na kijana wake walikwenda pamoja kwa vikao 14. Waliimba, waliigiza ugomvi wa nyumbani na kutafuta namna nyingine ya kuumaliza, na walifanya mazoezi nyumbani. Kikao kingine kilihusu fedha: mzazi na kijana walikaa pamoja kupanga matumizi ya nyumba na akiba. Mimi hapo niliposoma nilisimama kidogo. Ugomvi mwingi wa nyumbani una senti ndani yake, na kijana asiyejua kwamba fedha zimekwisha hudhani kwamba amenyimwa.

Wataalamu walipima mafunzo hayo katika vijiji na mitaa 40, kwa familia 552. Baadhi zilipata mafunzo, na nyingine hazikupata, ili walinganishe. Matokeo yalichapishwa mwaka 2018. Miezi kadhaa baada ya mafunzo, vipigo na mateso kwa vijana vilikuwa vimepungua. Wazazi walikuwa na mawazo mazito machache zaidi, na fedha walizitunza vizuri zaidi. Lakini hayakutibu kila kitu. Huzuni ya vijana haikupungua, wala tabia zao mbaya hazikubadilika kama ilivyotarajiwa. Ni vizuri tuambiwe na hilo.

Mafunzo hayohayo yaliletwa Tanzania kwa jina la Furaha, na miaka ya 2020 na 2021 maelfu ya familia ziliyapata.

Wazazi wa Eastern Cape walikuwa wakipiga kama sisi tunavyopiga, tena kwa sababu zilezile. Sisi husema, "Samaki mkunje angali mbichi." Lakini anayekunja samaki mbichi humkunja taratibu, kwa mikono miwili. Anayempiga kwa gogo atapata vipande. Sheria ya Mtoto inakataza kumtesa mtoto na kumpa adhabu ya kikatili au ya kumdhalilisha. Lakini mzazi aliyeinyang'anywa fimbo bila kuonyeshwa kitu kingine ataitafuta tena. Mafunzo haya yanampa hicho kitu kingine.

Mahali pa kwenda

Kama nyumba yako ina shida hii, anzia kwa Ofisa Ustawi wa Jamii. Ukiuliza kwa Mtendaji wa Kijiji au wa Kata utaelekezwa ofisi yake. Unaweza pia kuuliza katika kituo cha afya au hospitali ya wilaya. Usiogope kwamba utaitwa mwendawazimu. Kama mwenzako hataki kwenda, nenda peke yako. Gurudumu likishikwa upande mmoja, nalo hupunguza mwendo.

Yako mambo ambayo si ya kikao cha kupatanisha. Mtoto aliyenajisiwa na ndugu, au aliyepigwa mpaka kuumizwa, haketishwi mbele ya aliyemtenda ili "wayamalize kifamilia". Kufanya hivyo ni kumwumiza mara ya pili. Jambo hilo ni la Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi, na la hospitali. Usimwogeshe mtoto wala kufua nguo zake kabla ya kumfikisha huko. Namba ya simu 116 ni ya kutoa taarifa na kuomba msaada wa watoto, na haitozwi fedha. Vilevile mzazi au mtoto anayesikia sauti ambazo wengine hawazisikii, au anayesema kwamba anataka kujiua, apelekwe hospitali siku hiyohiyo. Mazungumzo ya familia yatafuata baadaye.

Maswali ya kujadili darasani

1. Katika mfano wa mkulima wa pamba, ni mahali gani pengine ambapo gurudumu la ugomvi lingeweza kusimamishwa? Mama angefanya nini? Binti je?

2. Mzazi wako alikuwa akiogopa nini alipokuwa akikukemea? Uliwahi kumwuliza?

3. Katika kijiji chetu, mtoto wa miaka 14 mwenye shida na baba yake anaweza kumwendea nani? Taja watu, siyo vyeo.

4. Andika sentensi tatu ambazo ungemwambia mwanao siku uliporudi nyumbani umekasirishwa na jambo lisilomhusu. Wasomee wenzako.